Jina la mji nalo ni mali

Kwa kawaida safu hii huanza na mpunga, ikafuata karanga, kisha ng'ombe wa mnadani, na mwishoni hisa za Dar es Salaam kwa wale wachache wenye hati zao kabatini. Leo tunawaomba radhi wasomaji wetu. Leo tunaanza na fulana.

Mwenye duka mmoja hapa Bukene, jirani na stesheni, amebakiwa na fulana za Tabora United ambazo hajui azifanyeje. Alizifuata Tabora mjini wakati moto ulikuwa umewaka, yaani baada ya timu hiyo kwenda Dar es Salaam Novemba 7, 2024 na kuifunga Yanga mabao 3-1. Wiki ile hata mtu asiyejua mpira una wachezaji wangapi alitaka fulana. Bwana huyu, kama wafanyabiashara wengi, aliamini moto huo utawaka miaka. Akachukua mzigo wa pili mkubwa kuliko wa kwanza. Mwaka 2025 timu ikabadilishwa jina, ikawa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Fulana zikageuka kumbukumbu.

Hakuna aliyemkosea. Alinunua bidhaa yenye jina asilolimiliki, kutoka kwa mtu ambaye naye hakulimiliki. Lakini aliponiuliza, "Sasa mzee, jina la Tabora lilikuwa la nani?" nilikosa jibu la haraka, na ndiyo maana naandika haya.

Itakumbukwa kuwa timu hii haikuzaliwa Tabora. Iliitwa Kitayosce na ilianzia mkoani Kilimanjaro kabla ya kuhamia kwetu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na mechi yake ya kwanza, Agosti 16, 2023 dhidi ya Azam kule Chamazi, ilikuwa ya aibu kwa kila mtu. Kwa sababu ya zuio la usajili, iliingia uwanjani na wachezaji wanane tu. Ilipokwisha kufungwa mabao manne, na baadhi ya hao wanane kuumia, mwamuzi hakuwa na la kufanya ila kumaliza mchezo. Haukufika hata nusu saa. Baadaye ikachukua jina la Tabora United, ikanusurika kushuka msimu ule kwa kupitia mechi za mchujo dhidi ya Biashara United ya Mara, na msimu uliofuata ndipo ikawapiga Yanga.

Kwa hiyo tukisema "timu yetu imechukuliwa" tuseme kwa sauti ya chini. Kuna watu wa Moshi wanaoweza kutucheka. Aidha, tusijifanye hatukuona wachezaji wanane. Timu ya Ligi Kuu inataka mishahara kila mwezi, nauli za Bukoba na Mtwara, hoteli, daktari na ada. Mfadhili mwenye mfuko mkubwa akija, mwenye njaa hamuulizi maswali mengi. Safu hii haina ugomvi na taasisi kuingia katika kandanda. Ugomvi wetu ni mdogo na ni wa kibiashara: katika mapatano kama haya, jina la mji huhesabiwa shilingi ngapi? Naona limehesabiwa sifuri, na sifuri hiyo tumeiandika wenyewe kwa kukaa kimya.

Wasomaji wenye umri wangu wanajua mchezo huu ulivyokwenda zamani. Nchi hii ilikuwa na timu za mashirika kila kona: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, Sigara ya Dar es Salaam. Pamba ya Mwanza, jina lenyewe lilitaja zao lililoilisha. Mchezaji alikuwa mwajiriwa. Asubuhi alikuwa ghalani au ofisini, jioni mazoezini, na mwisho wa mwezi alipanga foleni ya mshahara pamoja na makarani. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa mchezaji. Ubaya wake ni kwamba timu haikuwa na daftari lake. Ilikuwa mstari mmoja katika matumizi ya shirika, jirani na chai ya wageni.

Ikaja miaka ya 1990. Mwaka 1992 iliundwa Tume ya Rais ya kurekebisha mashirika ya umma, soko huria likafunguliwa, na kila mnunuzi aliyekuja alisoma matumizi ya shirika mstari kwa mstari. Alipofika kwenye timu ya mpira aliuliza inaingiza nini. Hakukuwa na jibu. Kampuni za biashara za mikoa zikafa na timu zao. Nyingine zilishuka daraja taratibu, bila hata tangazo, kama taa inayoisha mafuta. Mtibwa Sugar, iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni moja ya chache za viwandani zilizovuka zikiwa na nguvu. Pamba nayo ilipotea Ligi Kuu kwa miaka mingi, na iliporudi mwaka 2024 ilirudi kama Pamba Jiji, mikononi mwa halmashauri ya jiji la Mwanza.

Sasa nawapeleka mbali kidogo, na nawaomba wenye haraka ya bei za karanga wanivumilie. Nawapeleka Japani.

Wajapani walianza kama sisi. Ligi yao ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilikuwa ya timu za kampuni: Mitsubishi, Nissan, Furukawa, Toyota, Mazda, Sumitomo. Watazamaji walikuwa wachache, wengi wao wafanyakazi wa kampuni hizo hizo. Walipoanzisha ligi ya kulipwa mwaka 1993, J.League, wakiwa na klabu kumi, mwenyekiti wao Saburo Kawabuchi aliweka sharti lililowaudhi matajiri: kampuni itoe fedha, lakini jina la klabu liwe la mji. Mitsubishi ikawa Urawa, Nissan ikawa Yokohama Marinos, Mazda ikawa Hiroshima, Toyota ikawa Nagoya. Wenye gazeti la Yomiuri, ambao timu yao Verdy ndiyo ilikuwa na nyota wengi, walipigana miaka kadhaa jina lao libaki. Hawakukubaliwa, na mwaka 1998 wakajitoa.

Msomaji atauliza, kwani jina linaongeza nini? Linaongeza mteja. Mtu wa Urawa asiyefanya kazi Mitsubishi hana sababu ya kulipa kiingilio kuitazama Mitsubishi. Akiambiwa hii ni Urawa, analipa, ananunua skafu, na anamleta mtoto wake ambaye naye atalipa miaka arobaini ijayo. Mechi ya kwanza ya ligi ile, Mei 15, 1993 jijini Tokyo, iliingiza watu 59,626.

Lakini jina peke yake halikutosha, na hapa ndipo pana funzo kwa wenye mitaji midogo. Pale Yokohama palikuwa na klabu mbili. Moja ni Marinos ya Nissan. Nyingine iliitwa Flügels, mali ya shirika la ndege la All Nippon Airways pamoja na kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo. Uchumi wa Japani ulipoyumba, mjenzi akajitoa. Mwenye ndege hakutaka kubeba peke yake. Mwishoni mwa Oktoba 1998 ikatangazwa kuwa Flügels itaunganishwa na Marinos, maana yake ikafa. Kilichobaki ni herufi F iliyobandikwa kwenye jina la Marinos, na ipo hadi leo. Wachezaji walizisoma habari hizo kama watu wengine. Wakaenda wakashinda kila mechi iliyobaki, na Januari 1, 1999 wakaifunga Shimizu S-Pulse mabao 2-1 katika fainali ya Kombe la Mfalme. Wakapokea kombe, na klabu ikafungwa wakiwa wamelishika.

Mashabiki wao walifanya jambo ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko kombe lile. Walichangishana fedha, wakafungua klabu yao wenyewe, Yokohama FC, mwaka huo huo wa 1999, wakaanzia chini. Mwaka 2001 wakaingia daraja la pili la J.League, na kwa msimu wa 2007 wakapanda la kwanza. Miaka minane. Ni muda mrefu kuliko uvumilivu wa wapenzi wengi wa soka ninaowajua, nikiwemo.

Mfano wa pili ni wa mji unaofanana zaidi na wetu. Kashima ilikuwa mji mdogo wa viwanda vya chuma, watu wasiofika 50,000, na timu yao ya Sumitomo haikuwa hata katika daraja la juu. Walipoomba kuingia J.League waliambiwa nafasi yao ni karibu na hakuna, labda wajenge uwanja wenye paa wa kuketi watu 15,000. Wakaujenga. Tayari mwaka 1991 walikuwa wamemleta Zico, Mbrazili aliyekwisha kustaafu, na mwaka 1993 wakashinda nusu ya kwanza ya ligi. Leo hakuna klabu iliyotwaa ubingwa wa J.League mara nyingi kuliko Kashima Antlers. Mwaka 2016 walicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Real Madrid wakafungwa 4-2, tena katika muda wa nyongeza.

Wenye chuma nao walichoka. Mwaka 2019 waliuza asilimia 61.6 ya hisa za klabu kwa yeni bilioni 1.6, na mnunuzi, wauza mitumba wa Bukene wasikie, ni Mercari, kampuni inayoendesha soko la vitu vilivyokwisha tumika kwa njia ya mtandao. Mwenye mali akabadilika, mfuko ukabadilika, ofisi ikabadilika. Jina likabaki Kashima. Mwenye duka la fulana pale Kashima hakupoteza hata moja.

Hapo ndipo nilipomaliza kumjibu jirani yangu wa stesheni. Kashima walikuwa na kanuni inayolinda jina. Sisi hatuna, na mwelekeo wetu ni kinyume: wao walitoka kwenye kampuni wakaenda kwenye mji, sisi tumetoka kwenye mji tukarudi kwenye taasisi, kama kwamba miaka ya 1990 haikuwahi kutokea.

Tena si Tabora peke yake. Mwaka 2022 timu ya DTB, yaani ya benki, ilipopanda ikawa Singida Big Stars; mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate; mwaka 2024 ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati. Singida haikulala njaa, kwa sababu Ihefu ya Mbarali ilihamishiwa huko ikawa Singida Black Stars. Anayeweza kueleza jambo hili kwa mpenzi wa soka wa Mbarali bila kuona haya, aje anieleze na mimi.

Sababu yake ni rahisi ukiitazama kwa jicho la soko. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Nafasi moja kati ya 16 za ligi ni kama kibanda kwenye soko lenye wateja: kina thamani hata kikiwa kitupu. Kupanda kutoka chini ni miaka na bahati. Kununua nafasi ni mazungumzo ya wiki chache. Wanaonunua hawafanyi kosa. Wanafanya hesabu. Tatizo ni kuwa mezani wanakaa wawili, anayeuza nafasi na anayenunua, na mji ambao jina lake liko kifuani mwa wachezaji haualikwi.

Huku kwetu jambo hili lilipaswa kueleweka kuliko kokote. Wakati wa misafara, watemi wa njia hii walitoza hongo kwa kila mzigo uliopita. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na wafanyabiashara wa Tabora, pamoja na bunduki zao zote, wakajua kuwa njia ina mwenyewe. Sisemi tukafunge barabara ya Nzega. Nasema mzee yule alijua kupitisha mali kwenye jina lake kuna bei.

Kuna watakaonijibu kuwa watu wa Tabora walikwisha kupewa nafasi. Ni kweli. Milambo, iliyobeba jina la mtemi huyo huyo, ilifika ligi ya juu, na tuliiacha ikashuka huku kila mtu akiwa na tiketi ya bure mfukoni. Rhino Rangers ya wanajeshi ilipanda kwa msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huo huo. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi unajaa wanapokuja Simba na Yanga, na nusu ya waliojaa wamevaa nyekundu, au kijani na njano. Mfanyabiashara wa Bukene hupakia kuku na mchele kwenda Tabora siku hizo, anarudi na faida, na hajawahi kutoa mia kwa timu iliyomletea wateja. Mjini nyumba za wageni hujaa, bodaboda hawalali, mama lishe wanaongeza masufuria. Wote tulikula matunda. Mti ulimwagiliwa na mtu mmoja, naye akachoka.

Basi tufanyeje? Wapo wanaosema tuuziwe hisa. Nami nataka hivyo, ila niwaonye kwanza wenye fedha za ada ya watoto: klabu ya mpira ni bidhaa mbaya kwa anayetafuta gawio. Fedha yote huishia miguuni mwa wachezaji. Hata Simba, yenye wapenzi nchi nzima, ilipofikia mwaka 2017 kumpata mwekezaji Mohammed Dewji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49, hoja iliyowatuliza wanachama haikuwa gawio. Ilikuwa ile asilimia 51 iliyobaki kwao, yaani kauli ya mwisho.

Hivyo basi tusiombe faida, tuombe kauli. Hisa ndogo, hata asilimia kumi, zishikwe kwa pamoja na vyama vya akiba na mikopo, vyama vya msingi vya wakulima na jumuiya za wafanyabiashara wa mkoa, zikiwa na haki moja tu iliyoandikwa: jina la mji na uwanja wa nyumbani havibadilishwi bila wenye hisa hizo kukubali. Mwekezaji aendeshe mengine yote. Kwa mfuko wa TRA mchango wetu utakuwa tone, lakini utainunulia taasisi kitu ambacho haiwezi kukinunua kwa fedha zake. Maana, tuseme ukweli, kumtaka muuza duka wa Bukene ashangilie "TRA! TRA!" Jumamosi, na Jumatatu akate risiti ya mashine kwa moyo ule ule, ni kazi kubwa. "TRA Tabora" ingekuwa rahisi kidogo. Angalau neno moja lingekuwa lake.

Na shirikisho la soka liandike kanuni. Si lazima iwe kali kama ya Wajapani. Inatosha kusema kuwa nafasi ya ligi ikihamishwa mji, au jina la mji likiondolewa, wahusika wasubiri msimu mmoja na halmashauri husika isikilizwe kwa maandishi. Msimu mmoja wa kusubiri ungetosha kwa mwenye duka kumaliza fulana zake.

Za jirani yangu bado zipo. Wiki iliyopita alishusha bei nusu, akauza chache kwa vijana wanaokwenda kupakua mpunga. Wanasema kitambaa ni kizito na hakichaniki begani. Zilizobaki amezifunga kwenye mfuko wa salfeti juu ya kabati. Karanga wiki hii, kwa wanaouliza, wanunuzi ni wengi kuliko magunia.